Mistari Arobaini na Minane ya Kimya

Wairimu,

Orodha ya vitu vya shule nimeibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako, kwa hivyo barua hii haitataja sabuni wala soksi. Haitakuambia usome kwa bidii pia. Umekuwa ukisoma tangu Gredi ya Kwanza bila kusukumwa, na siku utakayoamua kuacha, karatasi hizi hazitakurudisha darasani. Nakuandikia kwa sababu ya sentensi moja uliyoisema Jumanne, na kwa sababu niliisikia nikanyamaza.

Mama Nafula alikuletea karanga. Alikuwa amezikaanga mwenyewe na kuzitia kwenye mkebe ili uende nazo shuleni. Ulizipokea kwa mkono mmoja. Alipogeuka kwenda, binamu yako akauliza huyo ni nani, nawe ukamjibu mlango ukiwa bado wazi: "Si ndiye yule alilala kazini, maziwa ya watu yakaharibika? Angalia kama hata hizi karanga hazijaungua." Mkacheka. Mimi nilikuwa jikoni nikikata sukuma wiki, na kupitia dirishani nikaona mgongo wake ukisimama kidogo uani, kisha ukaendelea hadi mlangoni kwake.

Hakulala.

Nimeliacha neno hilo peke yake ili ulisome mara mbili. Mama Nafula hakulala kazini. Maziwa yaliharibika kwa sababu ya mstari mmoja wa programu, na mstari huo niliuandika mimi. Miezi saba sasa ploti nzima tunayopanga inamwita mzembe, wewe ukiwemo, na mtu aliyekuwa na ushahidi wa kumsafisha ni huyu anayekuchania nywele.

Nianze mbali kidogo. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tumehamia huku mjini, mtaa wa Munyaka, chumba kimoja, mimi, baba yangu na mama yangu ambaye jina lake unalibeba. Alifariki kabla hujaanza kutambaa, na baba akaenda kuishi kwa kaka yake Nakuru. Nilibaki nawe, na nilikuwa nimeacha shule. Mama Nafula alikaa mlango wa tatu. Alikuwa ametoka kwao Magharibi kutafuta kazi, hana undugu nasi, hata lugha yetu hajui. Siku moja alikuja, akakuchukua mikononi mwangu, akasema, "Wewe msichana wangu, rudi shule. Huyu ataniita kukhu, shida iko wapi?" Kukhu ni nyanya kwa lugha yao. Ulitamka neno hilo kabla hujasema mama. Niliporudi kidato cha tatu, na baadaye nilipokwenda chuo kikuu, ulikuwa mgongoni kwake, na baadaye mkononi, na baadaye mbele yake ukikimbia. Ulipopata surua ni yeye aliyekesha. Mimi nilikuwa na mtihani.

Ni yeye pia aliyenipatia kazi. Alikuwa mhudumu wa tangi la kupozea maziwa katika ushirika wa wafugaji ulio upande wa Burnt Forest, na aliposikia wanatafuta mtu wa kufunga mitambo ya kupima joto, alimwendea meneja akamwambia, "Nina msichana wangu anajua kompyuta." Hivyo ndivyo nilivyoingia.

Kazi yangu wewe huiita "mambo ya kompyuta" na mimi sijawahi kukueleza vizuri. Programu mbili zilizo mbali zikitaka kuongea, kila moja hufungua soketi. Ichukulie kama dirisha dogo la kupitishia maneno. Moja inatuma, nyingine inangoja kupokea. Katika lugha ninayoandikia, kila unapoiambia mashine ipokee, hukurudishia namba. Namba iliyo juu ya sifuri: maneno yamefika, ndiyo haya. Sifuri: yule wa upande wa pili ameaga na kufunga dirisha lake. Chini ya sifuri: kuna kosa, litazame. Lakini iko hali ya nne, na hiyo haina namba. Mwenzako amezimika ghafla, hakupata nafasi ya kuaga, na wewe hujui. Dirisha lako bado linaonekana wazi. Unangoja. Usipoiwekea mashine muda wa mwisho wa kungoja, itangoja mpaka kiama na haitalalamika hata siku moja.

Ukiiwekea muda, muda huo ukiisha inakurudishia kosa linalosema: nimengoja, sijasikia kitu. Watu hulichukia kosa hilo. Ni kosa lenye heshima kuliko yote, kwa sababu ndilo pekee linalokubali kwamba halijui.

Nakasirika nikikumbuka nilivyofundishwa. Mifano yote darasani ilikuwa safi: fungua, tuma, pokea, funga. Hakuna aliyetazama namba iliyorudi. Mtu mmoja aliuliza, "Mwalimu, na ikikataa?" Akajibiwa, "Makosa tutayashughulikia baadaye, tusiufanye mfano mrefu." Baadaye haikufika. Mtihani ulifika. Tumetoka vyuoni na vyeti, tunajua kuandika programu za dunia ambamo kila mtu anajibu, kila waya mzima, stima haipotei. Dunia hiyo iko wapi? Mimi nimekulia hapa na sijawahi kuiona.

Hata hivyo nilijua. Nisijifiche nyuma ya mwalimu. Niliweka kisanduku kwenye tangi, kikawa kinapima joto la maziwa kila dakika na kulituma kwa seva, kompyuta kuu iliyo mjini. Seva ilionyesha kwenye simu ya meneja na ya Mama Nafula: kijani maziwa yakiwa baridi, nyekundu yakipata joto, na nyekundu pia kama kisanduku hakijasikika kwa dakika tano. Niliandika hivyo tangu siku ya kwanza. Niliandika vizuri.

Kabla yangu palikuwa na daftari. Kila saa Mama Nafula alichovya kipimajoto, akakifuta, akasoma, akaandika kwa ule mwandiko wake wa kulala upande. Miaka tisa, na hakuna lori lililowahi kukataa maziwa yake. Siku nilipomaliza kufunga mitambo nilimwambia kwa mdomo wangu, "Mama, hili daftari sasa unaweza kulipumzisha."

Akaniuliza, "Na hiyo yako ikinyamaza?"

Nikacheka. "Ikinyamaza itakuwa nyekundu."

"Haya. Kama ni wewe umesema."

Mtandao wa kule ni dhaifu, na mvua ikinyesha ndiyo basi. Nyekundu ikawa inatokea mara tatu, mara nne kwa siku, kisha inarudi kijani. Mama Nafula kila ikitokea aliondoka kwenda kuangalia tangi, akarudi. Hakulalamika. Aliyelalamika ni meneja.

"Madam, hii rangi inatuaibisha," aliniambia. "Wageni wanaotusaidia kununua mitambo mingine wanakuja Alhamisi. Nitawaambia nini, kwamba tangi lina malaria?"

"Ni mtandao tu. Unapotea, unarudi."

"Basi kama unarudi, nyekundu ni ya nini? Ondoa."

Nikaondoa. Pale ambapo kosa la kungoja lilikuwa linatokea, nikaiambia programu ilipuuze, ibaki na kipimo cha mwisho ilichopokea, iendelee. Mstari mmoja. Niliuandika nikiwa nimesimama, begi begani, kwa sababu gari la mwisho lilikuwa linajaza abiria. Nikajiambia nitaurudisha Ijumaa. Sikumwambia Mama Nafula. Wageni walikuja, wakapigwa picha mbele ya skrini ya kijani, wakanywa chai, wakaenda. Ijumaa ikapita, na nyingine, na hakuna aliyeniuliza, na ukweli ni kwamba nilifurahia ule utulivu. Meneja naye akaona kwamba tangi sasa linajilinda. Akamwachisha kazi mhudumu wa pili, akamhamishia Mama Nafula kwenye duka la vyakula vya ng'ombe lililo ng'ambo ya uwanja, auze huku akiangalia simu.

Jumapili ile unaikumbuka. Ulikuwa unaimba peke yako kanisani kwa mara ya kwanza. Saa tano kasorobo, stima ya chumba cha mtambo ilikatika. Ya dukani haikukatika. Ni laini nyingine. Mtambo wa kupozea ukasimama, na kisanduku changu kikazimika nao bila kuaga. Maziwa ya asubuhi yalikuwa ndiyo kwanza yamemiminwa, bado na joto la ng'ombe. Mama Nafula alikuwa dukani akipima chumvi. Alitazama simu: kijani, nyuzi nne. Akauza. Akatazama tena: kijani, nyuzi nne. Na mimi, Wairimu, wakati unaimba ubeti wa pili, nilitoa simu kwenye mkoba nikatazama. Kijani. Nyuzi nne. Nikairudisha, nikapiga makofi.

Lori lilifika saa tisa kasorobo. Dereva alichota maziwa kidogo, akayatia spiriti kama kawaida, yakaganda kwenye kichupa. Akasema, "Mama, haya sichukui." Jioni hiyo waliyamwaga mtaroni, na wenye ng'ombe wamesimama wanatazama.

Kamati ilikaa Jumatano. Niliitwa kama mtaalamu. Walimketisha Mama Nafula kwenye stuli katikati ya chumba, wao wakiwa nyuma ya meza yenye kitambaa. Sitakupambia nilichosikia, nitakuandikia kama ilivyokuwa.

"Mama, ulikuwa wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Dukani, pale mliniweka."

"Ulienda kuangalia tangi?"

"Niliangalia simu. Ilikuwa kijani."

Meneja akatabasamu. "Mama, mtambo haudanganyi. Labda ulisinzia kidogo? Jumapili, kajua kanawaka, si vibaya kukubali."

Wakacheka, wale wazee. Wakacheka kama mlivyocheka Jumanne.

"Sikusinzia."

"Na daftari? Miaka yote tunaona daftari. Liko wapi?"

"Niliambiwa niliache."

"Nani alikuambia?"

Aliinua macho akanitazama. Mimi ndiye niliyemwambia, na alijua, nami nilijua kwamba anajua. Ndani ya begi langu, chini ya kiti, palikuwa na kompyuta yenye kumbukumbu za siku ile. Nilikuwa nimeacha programu iandike kila kosa kwenye faili, hata lile nililoiambia ilipuuze. Kuanzia saa tano kasorobo hadi saa tisa kasorobo, kila baada ya dakika tano: muda wa kungoja umekwisha. Mistari arobaini na minane. Programu yangu ilikuwa imepiga kelele mara arobaini na nane, na mimi ndiye niliyekuwa nimeifunga mdomo.

Nilitazama kitambaa cha meza.

Mama Nafula akasema, "Nimesahau nani aliniambia."

Waliandika "uzembe". Alitoka na mfuko mmoja, mwavuli na kipimajoto chake. Meneja alinifuata nje akanipiga bega: "Injinia, tumemaliza vizuri. Awamu ya pili inakuja." Na mimi nikasema asante. Nilisema asante! Kila nikiosha uso asubuhi nalisikia neno hilo.

Nilijiambia nimefanya hivyo kwa ajili yako, kwamba nikipoteza kazi hutafika shule hii. Nataka unikasirikie kwa hilo. Mtoto hapaswi kutumiwa kama blanketi la kufunikia woga wa mama yake, na mtu yeyote atakayekuambia alinyamaza kwa ajili yako, muulize vizuri alikuwa anamlinda nani.

Nimejiuliza nilijifunzia wapi kuuchukua ukimya kama amani. Tuliporudi nyumbani Burnt Forest baada ya vita vya uchaguzi, nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nyumba yetu ilikuwa kuta tu. Jirani aliyekuwa akituuzia mbegu za viazi alikuja, akamsalimia baba, wakaongea habari za mvua. Alipoondoka nilimuuliza baba kama huyo alikuwa kati ya wale waliokuja na moto. "Nyamaza," akasema. "Tunakaa vizuri sasa." Tulikaa vizuri miaka miwili bila mtu kumuuliza mwenzake kitu, kisha tukauza shamba tukahamia mjini, na baba akasema ni kwa sababu ya shule.

Baba yako naye aliondoka akisema atapiga simu akifika. Hakuaga kwa kweli, wala hakusema kuna tatizo. Kila siku nilichaji simu nikangoja, karibu miaka miwili, na kila mtu aliyeniuliza nilimjibu kwamba yuko sawa. Sikuwa na habari yoyote, nami nikaonyesha kipimo cha mwisho nilichopokea. Nikitazama sasa naona kwamba ule mstari wa programu nilikuwa nimeuandika zamani sana, kabla sijajua kompyuta.

Leo mchana, ulipokwenda kusukwa, nilibisha mlango wa tatu. Alikuwa akichambua maharagwe. Nilimweleza yote: wageni, nyekundu, mstari, faili. Nililia, na alingoja nimalize kulia bila kuniletea hata kitambaa.

Kisha akasema, "Miezi saba, Mama Wairimu."

Hajawahi kuniita hivyo. Tangu nikiwa na miaka kumi na sita mimi ni msichana wake.

"Miezi saba unanisalimia. 'Mama umeamkaje, mama umeshindaje.' Unajua nilivyoamka? Nafula alipigiwa simu na mashemeji zake wakamuuliza kama mamake ni mlevi."

"Nisamehe, Mama."

"Ngoja kwanza. Pale kwa kamati nilisema nimesahau. Unadhani nilisahau? Nilikupa nafasi useme wewe mwenyewe. Nilijua huyu nimemlea, atasema. Nikatoka mlangoni polepole, nikafika getini, bado nasikiliza nyuma."

Niliokota harage moja lililoanguka chini.

"Na usifikiri umeniletea habari," akaendelea. "Mimi sikuhitaji mtu aniambie sikulala. Nilikuwa macho. Wale ndio hawajui. Nenda uwaambie wale."

Nikamwambia nitawaambia kesho. Mkutano wa wanachama wote ni saa nane mchana. Nikishakuacha shuleni upande wa Turbo, nitapita moja kwa moja hadi huko. Nimechapa ile mistari arobaini na minane, nakala nyingi, na ule mstari mmoja nimeuchapa peke yake kwenye karatasi yake, na jina langu juu. Mwenyekiti nimemwambia kwa simu nina jambo la kusema mbele ya wenye ng'ombe. Meneja amenipigia mara tatu tangu hapo. Mara ya tatu nilipokea. "Madam, usituletee siasa. Yule mama alishasahau." Nikamwambia hakusahau. Yule mstari nimeuondoa tayari. Jioni hii simu yake imekuwa nyekundu mara mbili, na iwe nyekundu.

Sijui watafanya nini na mimi. Huenda kazi hii ikaisha kesho. Hilo ni langu, wewe usilibebe kwenye sanduku.

Mama Nafula alinisindikiza hadi mlangoni kwake. "Nitakuja kwa mkutano," akasema. "Sio kwa ajili yako. Nataka niwe nimeketi hapo wakisikia."

Sikumwambia sentensi yako ya Jumanne. Hakuna haja, aliisikia. Asubuhi, kabla hatujabeba sanduku, utaupita mlango wake. Sitakuambia cha kusema, maana mimi mwenyewe nilichelewa miezi saba na sina somo la kumpa mtu. Ila mkebe wa karanga nimeuona umeuacha juu ya kabati. Nimeuweka kwenye sanduku, juu kabisa, utauona ukifungua.

Jambo la mwisho. Matroni amesema mtapewa simu kila Jumapili alasiri. Piga, hata kama huna la kusema. Ukiwa na hasira nami, piga uniambie una hasira, au ukate nikisema haloo. Hata hilo ni jibu. Lakini ikifika saa kumi na mbili jioni na sijasikia kitu, sitamwambia mtu yeyote kwamba uko sawa. Nitapanda gari nije nigonge geti la shule mpaka wanifungulie nikuone kwa macho yangu.

Mama yako,
Njeri